Rudisheni Mti

Jumatatu ile, saa moja na nusu asubuhi, Ersilia Bertolani alikuwa amesimama mbele ya meza ya jikoni akisukuma donge la unga na mayai kumi na mawili. Mayai yalikuwa ya bata, kwa kuwa kuku wa jirani waligoma kutaga tangu baridi ianze. Alikuwa amefika pale ambapo donge linakuwa jembamba hata mtu anaona mbao za meza kupitia kwake, ndipo maneno yalipoingia kwa chini ya mlango.

Yaliingia kwa safu, meusi na madogo, kama sisimizi wanaorudi kazini baada ya sikukuu. Yalivuka sakafu, yakapanda mguu wa meza, yakajipanga juu ya donge na kutulia. Nukta ilifika mwisho kabisa, ikihema.

Ersilia alisoma shule hadi darasa la tatu, chini ya mwalimu aliyechapa vidole kwa rula, kwa hiyo kusoma alikuwa anajua vizuri. Aliinama akasoma: "…sauti iliyopanda kama kengele ya Pasaka, safi, isiyo na doa, ikakaa kule juu bila kutetemeka hadi waliomo ukumbini wakasahau kwamba wana magoti."

Akaligusa neno moja kwa kidole. Wino ulikuwa umekauka.

"Haya, kama mmefika, kaeni sawasawa," akayaambia. "Mimi sina donge jingine."

Aliyajua yalikotoka. Habari za magoti, katika mji mzima wa Borgopiano, zilikuwa za mtu mmoja tu, Profesa Settimio Malagoli, mhakiki wa opera wa gazeti la mji. Akifurahi huwa anaandika magoti. Asipofurahi anaandika viwiko.

Akafunika donge kwa kitambaa kibichi lisikauke, akatoka na aproni yake kwenda mkahawani kwa Delfina kutazama gazeti.

Pale mkahawani watu walikuwa wamesimama na vikombe vyao, na kila mmoja alikuwa ameshika gazeti lenye tundu. Si tundu la kuchanika. Karatasi ilikuwa nzima, nyeupe tu, safi, ukubwa wa kiganja. Juu ya uwazi huo palisomeka "Kavalieri Ubaldo Ghirardini", chini yake "alivaa joho jekundu", kisha uwazi mwingine, kisha "na alipiga goti vizuri". Basi.

"Ersilia, la kwako nalo lina tundu?" akauliza Amilcare kinyozi.

"Sijanunua. La kwako limebaki na nini?"

"Joho. Joho na goti."

"Lakini goti alilipiga vizuri," akasema Delfina akifuta vikombe.

"Goti nani analikataa?" akasema Amilcare. "Nauliza sauti iko wapi. Jana nimepiga makofi mpaka pete imeingia nyamani, leo gazeti linaniambia joho."

"Maneno yako kwangu," akasema Ersilia. "Yako mezani, yanangoja malenge."

Hakuna aliyeacha kunywa kahawa. Amilcare alikunja gazeti lake mara nne.

"Yote?"

"Yote."

"Hata lile la magoti?"

"Magoti ndiyo yalitangulia."

Kila mtu akapiga hesabu ya nani anaishi kwa Ersilia. Kwa Ersilia anaishi Ersilia, paka, na mumewe Oreste, ambaye ni mwanakwaya wa kawaida, mstari wa tatu, nyuma ya yule mtu mrefu anayefanya kazi posta. Wote waliimaliza hesabu kwa wakati mmoja, wakatazama vikombe vyao.

"Yamekosea mlango," akasema Amilcare. Alilisema kama mtu anayefunga duka.

Ni lazima ijulikane Amilcare alikuwa nani. Mchana alikuwa kinyozi. Lakini Jumapili alikuwa mkuu wa roshani ya juu, kule kwenye viti vya mbao karibu na dari, ambako watu wa Borgopiano hukaa na mkate na divai yao na kuhukumu. Waimbaji wa miji mikubwa walikuwa wanaiogopa roshani ile kuliko homa. Mwimbaji mmoja wa besi aliteleza nusu ya noti siku ya Jumapili, na Jumatatu Amilcare akamnyoa shavu moja, akavua kitambaa, akamwambia lile jingine akanyolewe mji unaovumilia. Mtu wa watu akapanda treni hivyo hivyo. Watu wa roshani hawakuwa na mali wala vyeo. Walikuwa na masikio, na kila mtu nchini alijua hivyo.

Na masikio hayo, kwa miaka kumi na tisa, yalikuwa yakimshangilia mtu mwingine.

Mambo yalianza kwa mafua. Kavalieri Ghirardini, mwimbaji wa sauti ya teno, mwenye kifua kipana na meno mazuri, aliyetunukiwa cheo chake cha Kavalieri na serikali kwa sababu ya kifua hicho, aliamka siku ya onyesho la kwanza na pua imeziba. Katika kila opera kuna noti moja ya juu ambayo watu wamelipia tiketi kwa ajili yake. Zile nyingine ni za kupitisha muda. Kavalieri zile nyingine alikuwa anaziweza. Hiyo moja hakuiweza. Meneja wa ukumbi akamchukua Oreste kutoka kwenye kwaya, akamweka nyuma ya mti wa mbao na karatasi uliokuwa jukwaani, akamwambia, "Leo tu." Kavalieri akaukaribia mti, akaweka mkono mmoja kwenye shina, akafungua kinywa. Noti ikatoka. Roshani ikalia.

Mafua yale hayajapona mpaka leo. Miaka kumi na tisa mti umewekwa katika kila opera. Umewekwa bustanini, umewekwa gerezani, na mwaka mmoja uliwekwa kwenye sitaha ya meli, katikati ya bahari, ukiwa na majani. Watu wenye masikio makali kiasi kile hawakuwahi kuuliza mti unafanya nini baharini.

Kwa nini maneno yaliamua kuhama wiki ile na si nyingine, hilo lina maelezo. Profesa Malagoli alikuwa na desturi ya kuandika uhakiki wake Jumamosi, kabla ya onyesho, ili Jumapili alale. Sifa hizo za Jumamosi zilibaki pale pale zilipochapwa, zikafungiwa samaki, hazikumsumbua mtu. Lakini Jumapili ile chakula cha mchana kilimkataa, usingizi ukamkataa, akaona bora aende ukumbini. Akasikia. Akarudi nyumbani akachana alichoandika, akaandika upya huku pua inamvuja. Yale yalikuwa maneno ya kweli, na yalipotoka mtamboni yalikwenda kwa mwenyewe.

Kufikia saa sita mchana yalikuwa yamewasili ya magazeti mia nne. Ersilia alifagia ngazi mara mbili. Paka alikuwa na "isiyo na kifani" kwenye manyoya ya mgongo, akawa anatembea taratibu kuliko kawaida. Mama wa ghorofa ya chini alipanda na karai kuuliza kama anaweza kuchukua machache ya mwanawe anayejifunza kupiga zeze. Akachukua "yenye kuahidi", ambalo kusema kweli lilikuwa halimhusu Oreste, lilikuwa limefuata mkumbo.

Ersilia alikata donge vipande, kila kipande na neno lake, akakitia malenge, jibini na kungumanga, akakikunja kuwa tortelli.

Oreste alirudi kutoka ghala la jibini saa sita na nusu. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kugonga magurudumu makubwa ya jibini kwa kinyundo kidogo cha fedha na kusikiliza. Lililo zima linajibu kwa namna moja. Lenye uvungu ndani linajibu kwa namna nyingine, hata kama kwa nje linang'aa. Katika maisha yake hakuwahi kukosea gurudumu. Akaketi, akainua kipande kwa uma, akakisoma, akakila.

"Kengele," akasema.

"Ya Pasaka," akasema Ersilia. "Kengele ya Pasaka. Nusu nyingine iko kwenye sahani yangu."

"Yamekosea mlango."

"Na wewe unasema hivyo? Hayo ni ya kinyozi."

"Ersilia, mke wangu, nile kwanza."

"Kula. Mimi nitasema, wewe utakula. Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho kwako. Umefika miaka sitini na mitano, kwaya inakutoa, watakupa saa ya mfukoni na kukupiga picha umesimama nyuma ya mrefu wa posta. Sitaki saa. Nataka jina lako litamkwe mle ndani. Mara moja. Oreste Bertolani, kwa sauti, na mtu asiyekuwa mimi. Baada ya hapo wanaweza kuuchoma mti."

Oreste akatafuna polepole. "Mti usichomwe," akasema. "Nimeuzoea."

Siku ya Jumanne Ersilia akaweka tortelli ishirini kwenye bakuli, akalifunga kwa kitambaa, akaenda kwa Profesa Malagoli. Profesa alimpokea akiwa na blanketi magotini. Akala moja yenye "safi", akala nyingine yenye "bila kutetemeka", akafumba macho.

"Nilidhani nimezidisha chumvi," akasema. "Kumbe ni kiasi."

"Bwana Profesa, uliandika sawasawa ila ukaweka jina la mtu mwingine juu. Jumapili hii andika jina la mume wangu."

"Jina la mume wako liko kwenye tangazo la mlangoni?"

"Wanakwaya hawaandikwi kwenye tangazo."

"Ndiyo maana. Mama, mimi naandika watu wa kwenye tangazo. Nilisikia sauti, sikatai. Ila sikuona mtu."

"Njoo uketi nyuma ya mti, utamwona. Nitakuletea kigoda."

"Mhakiki huketi mbele," akasema Profesa kwa upole, akachukua tortelli ya tatu. "Hili la magoti nitunzie."

Jumatano akaja Kavalieri mwenyewe. Alipanda ngazi na kofia mkononi, akanukia marashi hadi ghorofa ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Kila Krismasi alimletea Oreste chupa ya divai nzuri, na kila Pasaka alimwulizia hali ya koo, kwa wasiwasi wa dhati.

"Mama Ersilia, samahani kukusumbua. Naambiwa uhakiki wangu uko hapa. Naomba niusome tu. Sitaondoka nao."

Sehemu kubwa ilikuwa imeliwa, lakini maneno ya magazeti yaliyochelewa yalikuwa yametanda ukutani juu ya jiko. Kavalieri akavaa miwani, akasoma ukuta wote, kutoka kwenye kopo la chumvi hadi dohani. Machozi yakamtoka.

"Tumeimba vizuri, Oreste," akasema.

"Tumeimba," akasema Oreste, aliyekuwa anasafisha kinyundo chake mezani. Kwa mazoea tu, bila nia yoyote, akanyoosha mkono akamgonga Kavalieri kifuani mara moja, kati ya vifungo. Wote watatu wakasikiliza.

"Uvungu?" akauliza Kavalieri.

"Kidogo. Upande wa kushoto."

"Daktari aliwahi kuniambia."

Ersilia akamkaribisha chakula, akala vizuri, akaomba kidogo cha kubeba.

"Kavalieri," akasema Ersilia akimfungia, "Jumapili ukimaliza, si ungeelekeza mkono tu kule nyuma ya mti? Hivi. Mkono hausemi kitu."

Kavalieri akautazama mkono wake kana kwamba ni wa kuazima. "Ningeelekeza," akasema. "Ila roshani wangeuliza kuna nini. Na wakishauliza, mama, mimi sina jibu linaloniacha nimesimama."

Jumapili saa tisa alasiri Ersilia alikuwa roshani, kiti cha tatu kutoka kwa Amilcare, na mkate na chupa mapajani. Alikuwa amevaa nguo aliyoivaa kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Opera ilikuwa ya jambazi anayemuaga mama yake. Mti, safari hii, ulikuwa na sababu ya kuwepo, maana walikuwa msituni.

Sehemu ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Amilcare alimega mkate bila kutazama. Hatimaye Kavalieri akamkumbatia mama, akamwacha, akaukaribia mti, akaweka mkono kwenye shina. Akafungua kinywa.

Noti ikapanda.

Ersilia aliwahi kuisikia jikoni, bafuni, na mara moja juu ya baiskeli. Hakuwahi kuisikia hivi. Ilipanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, ikafika juu, ikakaa, ikatazama huku na huku. Wazee wa mstari wa mbele walisahau magoti yao, na mmoja akalazimika kuonyeshwa yalipo. Taa za dari zilitoa mlio mdogo. Noti ikakaa. Kisha ikashuka yenyewe ilipotaka.

Roshani ikapasuka kwa makofi. Na makofi, badala ya kuenea ukumbini kama kawaida yake, yalitoka mikononi mwa watu yakashuka kwa pamoja, yakampita Kavalieri hata joho likapeperuka, yakaenda moja kwa moja kwenye mti. Yalikuwa mengi. Mti ukayumba, ukainama, ukaanguka chali na majani yake yote ya karatasi.

Nyuma yake alikuwa Oreste, juu ya kigoda cha kukamulia, skafu shingoni, samaki wa chumvi nusu mkononi, kwa kuwa kabla ya noti hula nusu na baada ya noti hula nusu. Kinywa chake kilikuwa bado hakijafungika sawasawa.

Ukumbi mzima ukamwona. Watu mia sita. Profesa Malagoli, aliyeketi mbele, alimwona kuliko wote.

Ersilia akaweka mkate chini. Alijua kwamba akilitaja jina yeye halitahesabika, maana mke kumtaja mumewe si habari. Akageuza shingo akamtazama Amilcare.

Amilcare alikuwa amesimama, mikono juu ya chuma cha roshani. Alikuwa anamtazama Oreste. Akatazama kigoda. Akatazama samaki. Kisha akatazama watu wake, wauza mboga, washonaji, makuli wa stesheni, nao wote walikuwa wanamtazama yeye, wamegusa masikio yao bila kujijua. Miaka kumi na tisa ni maonyesho mengi. Ni mashavu mengi yasiyonyolewa.

Akavuta pumzi.

"Rudisheni mti!" akasema.

"Mti!" ikaitika roshani. "Mti! Rudisheni mti!"

Mafundi wawili wakatoka, wakauinua mti, wakausimamisha mahali pake. Oreste akawasaidia kwa ndani, akishikilia tawi. Mti ulipokaa sawa, watu wote wakashusha pumzi, wakafurahi kama waliookoka ajali, na hapo ndipo roshani ikaanza kudai kwa miguu na viti: "Rudia! Rudia!"

Akarudia. Ilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Makofi yakashuka, mti ukaanguka, mafundi wakauinua. Akarudia tena, mti ukaanguka tena. Mara ya nne walimwita askari wa zimamoto aje aushike kwa mikono miwili, naye akaushika, akawa wa kwanza kwenye kikosi chake kulia akiwa kazini. Mwongoza muziki alivua koti. Watu wasiojuana walilishana mkate. Amilcare alilia ndani ya kofia yake, kila akitoa uso anaita "Ghirardini! Ghirardini!", na jina likashuka likaenda kwa mwenye jina, maana jina si sifa, na makofi yakaenda mtini. Ersilia alipiga makofi mpaka chupa ikaviringika hadi viti vya matajiri. Hakukumbuka alasiri nzuri kama ile tangu vita viishe. Jina alilolingojea halikutamkwa.

Jumatatu alisukuma donge la mayai ishirini, mapema, akafungua mlango kabisa ili maneno yasibanane. Yalikuja mengi kuliko wiki iliyopita. Profesa alikuwa amemwaga yote aliyokuwa nayo, pamoja na magoti, na safari hii na mioyo. Gazetini palibaki "Kavalieri Ubaldo Ghirardini" na "joho jekundu lililopepea". Mhariri alikuwa ameacha nafasi nyeupe tangu mwanzo, akaizungushia mstari mzuri, na chini yake akachapa tangazo la sabuni. Watu wanaotaka kuusoma uhakiki wote hupanda ngazi za kwa Ersilia mpaka leo, wanafuta miguu mlangoni. Oreste alitolewa kwenye kwaya kwa mujibu wa sheria, akapewa saa. Msimu uliofuata aliajiriwa upya, upande wa vifaa vya jukwaani. Kwenye daftari la ukumbi ameandikwa hivi: "Mti, mmoja. Hali nzuri."

Ila Jumatatu hiyo, kabla Oreste hajarudi kutoka ghalani, Ersilia alitazama donge lililojaa maneno kutoka ukingo hadi ukingo, akaona kwa juu pamebaki nafasi. Akatia kidole kwenye kichupa cha wino wa kuandikia hesabu za nyumba, akaandika kwa herufi alizofundishwa na rula: ORESTE BERTOLANI.

Amilcare alitangulia kufika, na sahani yake na uma wake. Akaketi. Akaliona jina, akalisoma, akageuza kiti kidogo kikatazama dirisha.

"Nimesikia harufu ya kungumanga," akasema.

"Masikio yako sijui, pua iko salama," akasema Ersilia.

Oreste akaingia, akatundika kofia, akasimama akiiinamia meza muda mrefu. Akatoa kinyundo chake, akagonga ukingo wa meza mara moja, akasikiliza.

"Umeandika kubwa mno," akasema.

"Mimi si gazeti."

Maji yalikuwa yamechemka. Wakaanza na jina.